Mwalimu Klachi na Gari Lisilobisha Hodi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko garini, endelea, ila macho mbele, maana tunayemkumbuka leo angekugombeza mchana kweupe bila kujali nani anasikiliza.

Tunamkumbuka Mwalimu Klachi. Mwalimu wa udereva. Mama wa binti mmoja, dada wa fundi wa gereji, mjane tangu ujana wake. Ametutoka juma lililopita akiwa na miaka sabini na moja. Amefundisha watu kuendesha magari kwa zaidi ya miaka arobaini. Narudia, zaidi ya arobaini. Wenye leseni katika mji huu, nusu yenu mmepita mikononi mwake, na nusu nyingine tunawajua kwa namna mnavyopaki.

Jina la Klachi alipewa na mtaa. Mume wake alikuwa dereva wa lori. Alipofariki alimwachia mtoto anayenyonya na gari dogo la bluu, gumu kuwaka asubuhi. Ndugu wakasema gari liuzwe. Yeye akasema gari haliuzwi, litafanya kazi. Mdogo wake, ambaye siku hizo ndiyo kwanza anajifunza ufundi, akamchomelea pedali mbili za ziada upande wa abiria, breki na klachi, ili mwalimu aweze kumwokoa mwanafunzi, na kuliokoa gari. Juu ya paa wakafunga kibao. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukawa unaamshwa na sauti moja: klachi, kanyaga klachi, nimesema klachi, hiyo ni breki mwanangu.

Walicheka, wasikilizaji. Wanaume wazima walisema hawawezi kufundishwa gari na mwanamke. Akawafundisha hao hao, na wake zao, na baadaye watoto wao.

Unakumbuka magari yale? Wewe uliyewahi kusukuma gari asubuhi ukiwa umevaa nguo za kazini, unakumbuka. Injini inakohoa, inakataa, inakohoa tena, kisha inashika, na moshi unajaa uani. Kuna watu mpaka leo wakisikia harufu ya petroli asubuhi wanawakumbuka baba zao. Mimi ni mmoja wao, na sioni aibu kusema.

Mwalimu Klachi alifundisha kwa masikio. Alimzimia mwanafunzi redio, akamwambia anyamaze na asikilize. Alisema gari lenyewe linaomba gia. Likinguruma kwa hasira, linataka gia ya juu. Likitetemeka, linataka ya chini. Usipolisikiliza litazimika katikati ya barabara, na walio nyuma yako watakutajia ukoo wako wote.

Na mtihani wake wa mwisho mnaujua. Mlimani, pale panapokaza. Anasimamisha gari, anashuka, anaweka kibiriti nyuma ya tairi. Ukiondoka bila kukiponda, umehitimu. Ukikiponda, unanunua kingine na unarudi kesho. Muuza duka wa pale juu aliwahi kusema kwamba vibiriti vyake vilinunuliwa zaidi na wasiowasha moto.

Sasa, miaka ikapita, na goti la kushoto likachoka. Ndilo goti la klachi. Daktari akamwambia aache. Yeye akamwambia daktari ndiyo, akatoka pale akaenda kumfundisha mtu. Siku moja, kwenye kona, mwanafunzi alikanyaga mafuta badala ya breki. Mwalimu akataka kukanyaga za upande wake, klachi na breki pamoja, kama alivyofanya siku zote. Goti la kushoto likagoma. Maumivu yakamshika mwili mzima, na gari likaingia kwenye geti la watu.

Hakuumia mtu. Geti lilinyooshwa. Lakini Mwalimu alirudi nyumbani, akafungua kile kibao cha juu ya gari, akakiweka chini ya kitanda. Shule ikafungwa.

Binti yake ni muuguzi. Aliniambia kwamba miezi ile ilikuwa mibaya kuliko msiba. Mama alikaa dirishani, magari yanapita, naye anayasahihisha. Huyo kachelewa gia ya tatu. Huyo anaua injini. Chakula anakigusagusa tu. Binti akaona kwamba mama yake akikaa hivi hatamaliza mwaka. Ndipo akaleta habari ya magari ya umeme. Hayana klachi. Hayana gia za kubadili. Mguu wa kushoto unapumzika.

Fundi, yaani mjomba wake binti, aliposikia alikasirika kama aliyetukanwa. Na mwelewe, wasikilizaji. Huyu ni mtu aliyekula, akaoa na kusomesha kwa injini. Alimwambia dada yake usiache mbachao kwa msala upitao. Akasema gari lisilo na injini ni kabati lenye magurudumu. Mpwa wake akamjibu kwamba basi Jumamosi wanakwenda kujaribu makabati, na mjomba anakaribishwa. Akaenda. Alisema anaenda kuwalinda wasiibiwe.

Walijaribu matatu.

La kwanza lilikuwa limetumika huko lilikotoka, na ndilo lililokuwa rahisi kupita yote. Rangi inang'aa, viti safi. Mwalimu akashika usukani, muuzaji pembeni, ndugu nyuma. Wakafika makutano. Miaka arobaini ya mazoea ikaamka, mguu wa kushoto ukatafuta klachi, ukaikuta breki, ukaikanyaga mpaka chini. Mkoba wa binti ukaruka mbele. Fundi akagonga kiti kwa paji la uso. Kabla hajafungua kinywa, dada yake akamuuliza kwa nini hajafunga mkanda.

Lakini gari lile halikukataliwa kwa sababu hiyo. Waliondoka betri imejaa, wakapanda mlima, wakashuka, wakarudi, na nusu ya chaji imeyeyuka. Muuzaji akalaumu mlima. Fundi akasema rahisi ghali, na safari hii alikuwa sahihi. Gari la umeme lililotumika huliulizii rangi. Unaliulizia afya ya betri, maana betri iliyozeeka ndiyo injini iliyochoka.

Nalitaja la tatu kabla ya la pili, mnisamehe. La tatu lilikwenda mbali kuliko yote kwa chaji moja, na bei yake ilikuwa inanyoosha shingo. Ila kila kitu kilikuwa kwenye kioo kikubwa katikati. Feni, kioo. Taa, kioo. Mwalimu akasema hawezi kumfundisha mtu kuendesha huku anatazama televisheni.

La pili lilikuwa jipya, dogo, milango miwili, kiti cha nyuma cha kuwekea mkoba na mjomba mwembamba. Linachajiwa kwenye soketi ya ukutani, usiku mmoja, na asubuhi linatosha masomo ya siku nzima. Mwalimu alilipenda. Alijaribu kuficha, lakini binti alimwona anapapasa usukani. Kisha akaliendesha hadi mlimani, pale pale, akamtuma mdogo wake ashuke na kibiriti.

Fundi akakiweka. Mwalimu akaachia breki. Gari halikurudi nyuma hata unywele. Lilisimama. Akagusa mafuta, nasema mafuta kwa mazoea, likapanda bila jasho. Akarudia. Akarudia tena. Kibiriti kizima.

Muuzaji alitabasamu akisubiri kusifiwa. Mwalimu Klachi aliweka mikono mapajani akaanza kulia. Binti akadhani ni goti. Akamwinamia.

"Si goti," mama akasema. "Hili gari linajua kila kitu nilichokuwa ninafundisha. Sasa mimi nitafundisha nini?"

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Mama yule hakuogopa kifo. Aliogopa kuishi bila somo. Aliogopa kufa akiwa mwalimu ambaye hakuna anayemhitaji.

Walishuka mlima. Gari halisikiki. Wakapita mtaa wa mafundi seremala, pole pole. Mbele yao mtu mmoja alikuwa amebeba godoro kichwani, limemfunika mpaka mabegani. Alikuwa pembeni. Ghafla akakata kushoto, akavuka barabara kama anavuka sebule yake. Hakugeuka. Hakuwa na habari.

Gari lilikuwa limeshasimama. Mwalimu alikuwa amemwona mapema. Godoro likapita mbele ya kioo, likaingia kwenye uchochoro, na mtu yule mpaka leo hajui.

Muuzaji akaeleza kwamba gari lina kisauti cha kuwaonya watu. Kweli kilikuwepo, chembamba kama cha mbu, na mashine za maseremala zilikuwa zimekimeza. Akaongeza kwamba isitoshe ipo honi. Mwalimu alimtazama yule kijana wa watu kwa macho yaliyokuwa yamekauka.

"Gari la zamani lilikuwa linabisha hodi," akasema. "Mtu anasikia, anakaa pembeni. Hili linaingia bila hodi. Basi dereva wake lazima amwone mtu kabla mtu hajamsikia. Hilo halimo kwenye betri. Hilo nitalifundisha mimi."

Akalinunua. Binti anasema mama alikula vizuri jioni ile kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Ikabaki kufunga pedali ya ziada upande wa mwalimu. Nani afunge? Hakuna mwingine. Fundi akaja akinunanuna, amebeba vyuma vyake begani, ameshavikata na kuvipaka rangi. Akaviweka chini. Mbili. Breki na klachi. Dada mtu akavitazama, akamtazama yeye. Fundi akakaa juu ya tairi akacheka mpaka akajifuta machozi, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko.

Gari la bluu lilihamia gereji kwake. Kila Jumapili Mwalimu alikwenda, mdogo wake analiwasha, wote wawili wanakaa kwenye benchi, wanalisikiliza. Hawaongei. Likishapata joto wanalizima, kila mtu anarudi kwake. Binti anasema walikuwa kama watu wanaosikiliza salamu redioni. Nimefurahi alivyosema hivyo.

Shule ikafunguliwa. Waliozoea magari ya gia aliwavua kiatu cha kushoto, akawaambia mguu huo uko likizo. Wapya aliwapeleka sokoni, mwendo wa kobe, wamtajie kila mtu wanayemwona na anachotaka kufanya. Yule anataka kuvuka. Yule ana simu sikioni. Yule mtoto mpira umemponyoka. Usipomtaja, unasimamisha gari, unaomba radhi, unaanza upya. Kwa nini kuomba radhi, na hakuna aliyeguswa? Alisema ndiyo maana unaomba mapema, kabla hujamgusa mtu.

Fundi alikataa kujifunza. Miaka yote hiyo alikataa. Alianza kutengeneza breki na bushi za magari ya umeme, maana tumbo halina msimamo, lakini kuliendesha, hapana. Hadi mwezi uliopita, asubuhi moja, dada yake alipobanwa na kifua. Binti alikuwa zamu hospitali. Gari la karibu lilikuwa lile dogo la umeme. Akamweka dada yake kiti cha abiria, akashika usukani yeye.

Fundi ameniruhusu niseme alichonisimulia. Anasema alivua kiatu bila kuambiwa. Njia ya hospitali ilipita sokoni. Alitaka kukimbia, dada yake anapumua kwa shida pembeni yake, na kila kitu mwilini kilimwambia kimbia. Mbele, mama mmoja alikuwa anapanga nyanya, ameipa barabara mgongo. Fundi akaona kisigino chake kinanyanyuka. Akasimama. Mama yule akarudi nyuma hatua moja, mbele ya gari, akazitazama nyanya zake kama zimepangika, akarudi pembeni.

Dada yake alifumbua macho. Akamuuliza kwa sauti ya chini nani amemfundisha hivyo. Akamjibu, "Ni wewe, dada. Jumapili zote zile ulikuwa unanyamaza, lakini siku nyingine ulikuwa unapita mbele ya gereji yangu na wanafunzi wako. Nilikuwa naangalia."

Akapona siku zile. Akarudi kazini, mkaidi yule. Juma lililopita moyo ukasimama, asubuhi, akiwa anajifunga kanga aende kazini.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, wasikilizaji. Injini zinaondoka. Wengine mnafurahi, wengine mnazililia, na wote mna haki. Lakini leo ukitoka na gari lako, liwe la kunguruma au la kimya, mtazame mtu anayetembea. Hajui uko nyuma yake. Kumwona ni kazi yako.

Pole kwa binti, muuguzi wetu. Pole kwa fundi, uliyebaki na benchi na gari la bluu. Na pole kwako, mwanafunzi wa saa tatu asubuhi ile. Binti ameniambia habari zako. Ulifika mapema. Ukajiingiza garini, ukarekebisha kioo, ukafunga mkanda, ukaweka mikono kwenye usukani kama ulivyofundishwa, ukakaa unamsubiri. Ulimsubiri muda mrefu, kabla hawajapata moyo wa kuja kukwambia. Usione uchungu kwamba ulisubiri bure. Mwalimu Klachi aliogopa kufa akiwa hakuna anayemhitaji, na wewe ulikuwa hapo nje, unamhitaji.