Sista Tabea Mlowe na Mioyo Isiyojua Kupumzika

Tarehe 30 Juni, 1997, Sista Tabea Mlowe anastaafu baada ya kuuguza watu kwa miaka thelathini na mitatu. Kumi na tisa kati ya hiyo amefanya kazi hapa kwenye kituo chetu cha afya Makambako, na wengi wetu tulipoajiriwa tulimkuta tayari ndiye mwenye funguo za chumba cha sindano.

Alizaliwa Mawengi, Ludewa. Alianza kazi mwaka 1964, akapita wodi ya wazazi Njombe, kisha mwaka 1978 akaletwa huku. Anajulikana kwa chai ya maziwa isiyo na sukari, ambayo hakuna mtumishi aliyewahi kuthubutu kuikataa, na kwa kumsikiliza mgonjwa mpaka amalize, hata foleni ikiwa imefika getini.

Lakini kazi tutakayomkumbukia zaidi ilianza mwaka 1993, alipoletwa Rukaya Halfan, muuza vitenge wa sokoni. Kwa miaka minne mwili mzima ulikuwa ukimuuma, kuanzia shingo na mabega hadi kiuno na magoti. Usingizi haupati, na moyo unakwenda mbio hata akiwa amekaa. Vipimo vyote havikuonyesha kitu. Mimi ninayeandika haya ndiye niliyemwandikia kwenye cheti: "Hana ugonjwa."

Rukaya akaenda kwenye mojawapo ya maduka ya dawa yaliyokuwa yakifunguliwa kila kona miaka ile, akauziwa vidonge vya kushusha presha bila kupimwa. Wiki ya pili alisimama ghafla kumhudumia mteja, akaanguka, akapasuka kichwa. Wenzake wakamleta kwa mkokoteni.

Sista Tabea alimshona, kisha akavuta kiti.

"Mama, nyumbani wanasema ni uvivu, wengine wanasema nimelogwa," Rukaya alimwambia. "Mume wangu anataka niache biashara. Niambie ukweli, nina nini?"

"Sijui, mwanangu," alijibu. "Ila nakuona unaumwa. Tuanzie hapo."

Alimwachisha vile vidonge, na dawa ilipokwisha mwilini akampima mapigo kwa saa yake ya mkononi. Akiwa amelala, tisini na sita kwa dakika. Aliposimama, mia moja ishirini na nane, na kizunguzungu juu. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba Rukaya alipotoa pumzi polepole, mapigo hayakupungua kasi hata kidogo.

Ili ajue mtu asiyeumwa anakuwaje, alitulaza watumishi sote kitandani, mmoja mmoja. Dereva wetu Hilari alilala kweli, akakoroma. Sista alihesabu, akasema, "Moyo wa huyu umestaafu kabla yangu." Mapigo yetu sote yalipungua tulipotoa pumzi. Ya Rukaya, na baadaye ya wanawake wengine sita wenye maumivu kama yake, yaligoma.

Alimpelekea matokeo hayo Dkt. Basil Haule, bingwa aliyekuja kututembelea kwa siku mbili. Daktari alimpima Rukaya upya, akatuita. "Moyo wenyewe hauna kasoro," alisema. "Kuna mishipa ya fahamu inayouhimiza na mingine inayoutuliza. Kwa watu wanaoumwa mwili mzima muda mrefu, mara nyingi ile ya kuhimiza haipumziki, na ile ya kutuliza inalegea. Kipi kinatangulia, bado hatujui."

Jioni hiyo nilimwomba Rukaya cheti chake, nikafuta nilichoandika, nikamwomba radhi. Akasema, "Haya, daktari. Na wale wengine sita je?" Kesho yake niliwatafuta wote, nikafuta na vyeti vyao.

Sista Tabea aliwafundisha kuamka kwa hatua, kunywa maji ya kutosha, kutoa pumzi taratibu kabla ya kulala, na kutembea. Walianza kwa dakika tano, naye akiwa mbele na sweta lake la kijani, kwenye baridi ya asubuhi ambayo sisi vijana tuliikwepa. Baada ya miezi minane mapigo ya Rukaya yalikuwa sabini na nane. Maumivu hayakuisha, lakini alikuwa analala usingizi, na alikuwa amerudi sokoni. Mumewe, Issa, ndiye aliyembebea robota la kwanza la vitenge, kisha akaja kutushukuru mwenyewe.

Mpaka leo wagonjwa arobaini na mmoja wa aina hii wamepita mikononi mwake. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa nyumbani akiambiwa anajisingizia.

Sista, asante kwa kutusahihisha bila kutuaibisha. Nenda Mawengi ukalime viazi vyako, uamke saa unayotaka, na wanao wakuzunguke wakiwa na afya. Mungu akupe miaka mingi ya raha. Umeifanya kazi yako. Sasa pumzika, mama yetu.

Elius Msigwa, Tabibu