Mwalimu wa Nyuma ya Ukuta wa Mbao

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mchungaji Kiongozi wa usharika, wazee wa kanisa, mliomaliza zamu na mnaoendelea, wanakwaya, ndugu wa ukoo mliotoka Tukuyu na Mbeya, wakwe zetu mliopanda kutoka bonde la Usangu, majirani wa Mafinga, mabibi na mabwana: nawasalimu nyote.

Mimi ni Mwalimu Sedekia. Nimepewa kazi ya kumsemea kaka yangu, Mzee Fanueli, anayekabidhi leo utumishi wake wa mzee wa kanisa. Mnatarajia nimsifu kwa uaminifu wake, kwa sauti yake ya besi, na kwa namna alivyokuwa akiwaamsha waliosinzia wakati wa mahubiri. Sifa hizo anazistahili, nanyi mnazijua. Mimi nina jambo lingine, nalo halinipi utulivu tangu asubuhi. Mtaniwia radhi nikigeuka mara kwa mara kuutazama mlango ule wa kando. Nje yake amesimama mtu ambaye bila yeye hotuba hii haina kazi.

Kaka yangu alifanya kazi kiwandani, penye misumeno ya kupasulia magogo, tangu ujana mpaka alipostaafu. Mwili ulipumzika, akili haikupumzika. Siku moja tukiwa uani aliniuliza: "Sedekia, wewe umesoma. Mti wa mpaina huanza kama kijiti cha kiberiti, humaliza ukiwa mzigo wa lori. Mbao zote hizo hutoka wapi? Kama hutoka ardhini, mbona hakuna shimo?" Nilifundisha Kiswahili maisha yangu yote. Nilimjibu kwamba swali lake limejengwa vizuri. Akaniambia, "Sikukuomba alama. Nimekuomba jibu."

Mwanawe Timotheo, dereva wa lori la mbao, ndiye aliyetumwa kwanza kumtafutia mwalimu mtandaoni. Alileta nini? Alileta bwana mmoja aliyeuza dawa ya mizizi, mwingine aliyetabiri mwisho wa dunia, na wa tatu aliyefundisha vizuri mpaka katikati, kisha akataka alipwe ndipo aendelee. Mzee akasema, "Huyo si mwalimu. Huyo ni kondakta."

Hapo ndipo mke wa Timotheo, Nyamizi, mwalimu wa kemia na baiolojia katika sekondari moja upande wa Igowole, alipoichukua simu. Alitafuta kila jioni baada ya kusahihisha madaftari. Akakataa hiki, akakataa kile, mpaka akaipata mihadhara ya chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, iliyowekwa wazi kwa mtu yeyote, bure: mama mmoja mwenye mvi, ubao mweusi, na miche ndani ya chupa. Mzee alitia shaka. "Bure? Anataka nini kwetu?" Mkewe, shemeji yangu Alinanuswe, akamjibu, "Hataki kitu, baba Timotheo. Ana chaki mkononi, huoni?" Chaki ile ndiyo iliyomridhisha.

Mama yule, hata hivyo, alifundisha kwa Kiingereza. Aliyeweza kuyaweka maneno yake katika Kiswahili, na pamoja na maneno kuiweka maana, alikuwa Nyamizi peke yake. Nilijaribu mimi, shemeji akasema natafsiri kama mtu anayepanga vyombo asivyojua vinapikia nini. Sasa, wageni wetu, ieleweni shida yetu. Sisi ni Wanyakyusa. Katika ukoo wetu mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, wala hamsemeshi. Familia nyingi zimekwisha kuuacha mwiko huo. Kaka yangu hakuuacha. Nyamizi alizaliwa Usangu, kwa wafugaji waliohamia huko kutoka kaskazini. Kwao mkwe humpigia baba mkwe magoti, kwetu humkimbia. Alipoolewa aliuliza, "Kwa hiyo nikitaka kumheshimu sana, nitokomee?" Tukamwambia ndiyo.

Alitokomea? Jumamosi ya kwanza, simu iliwekwa mezani mbele ya mzee. Nyamizi aliketi jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao. Shemeji aliisimamisha video, na kutoka upande wa pili ikasikika sauti: "Mama, mwalimu anasema mti hula hewa kwa majani yake. Mbao, kwa sehemu kubwa, ni hewa hiyo pamoja na maji, vimefungwa kwa nguvu ya jua." Aliyeambiwa ni mama, aliyefundishwa ni baba.

"Mwambie," mzee akasema, "nimebeba magogo tangu ujana. Hewa haivunji mgongo."

Shemeji akaugeukia ukuta: "Amekataa."

Nyamizi akacheka, akaanza upya. Mwishowe akamwomba, kupitia kwa mama, achome gogo moja mpaka liishe, kisha alitazame jivu lake. Mzee alilichoma. Akarudi na jivu juu ya beleshi, halikulijaza hata beleshi hilo. "Mwambie nimeona," akasema. "Mengine yamerudi yalikotoka."

Nitafupisha, kwa maana jua linazidi kule nje, naye Nyamizi bado amesimama nyuma ya mlango ule, kwa kuwa baba mkwe wake yumo humu.

Misumeno, ndugu zangu, haimwachii mtu masikio yake. Sikio la kushoto la kaka yangu limekwisha kufa. La kulia linalifuata. Daktari kule Mbeya alimpa kifaa, nacho humsaidia kidogo, lakini alisema kwamba kuanzia sasa mzee atamsikia tu mtu ambaye anauona mdomo wake. Mnaona mambo yalipofika? Ukuta hauna mdomo. Jumamosi iliyopita nilikuwapo. Nyamizi alipaza sauti mpaka ikamkauka. Mtaa mzima sasa unajua namna maji yanavyopanda mtini. Asiyejua ni mzee peke yake. Akaizima simu kwa mkono wake, akasema, "Basi. Nimeshiba." Kaka yangu hasemi uongo. Siku ile alisema.

Mimi si mtu wa kulegeza kanuni. Waliopita darasani kwangu wamo humu, nao bado hukaa wima nikiwatazama. Kanuni hulinda kitu. Mwiko huu uliwekwa ulinde heshima. Na heshima ipi mnaitafuta, kubwa kuliko ya binti anayepoteza sauti yake jikoni, asije akakivuka kizingiti cha mzee? Mwiko umekwisha kupata ulichokitaka. Tukiushikilia zaidi, utatunyang'anya heshima hiyo hiyo.

Tena ukoo wetu una njia ya kuufungua: baba mkwe hutamka mbele ya ndugu kwamba mkwe amekuwa binti, na wazee wote wa ukoo huafiki. Kaka yangu alitamka jana. Wazee waliafiki, isipokuwa mmoja. Mzee Jailos, mkubwa wetu sote, alisema, "Leo watatazamana, kesho watakula sahani moja, kesho kutwa mkwe atamtuma mzee dukani." Tulicheka, yeye hakucheka. Akasema atajibu leo, mbele ya watu.

Mzee Jailos, watu ndio hawa. Wewe ni mkubwa wangu, sikuamrishi. Nakuuliza tu: sikio la Fanueli litakungoja mpaka lini?

Kwa mlioketi nyuma, ambao hamkusikia: Mzee Jailos amesema, "Mwiteni aingie, jua linamchoma mtoto wa watu. Nawe Sedekia umesema mno." Nimekubali yote mawili.

Nyamizi, mwanangu, ingia. Usipige magoti, wala usiuinamishe uso. Keti mbele yake, upande wa kulia, penye mwanga wa dirisha. Shemeji Alinanuswe, umetumwa kwenye ukuta vya kutosha. Sogea nawe uketi, usome.

Namshukuru Mheshimiwa Diwani kwa kuketi nasi, na Mchungaji kwa subira yake. Namshukuru mama yule mwenye mvi, asiyetujua wala hatatujua. Ratiba inaonyesha kwamba sasa Mzee Fanueli atoe neno la shukrani. Ameniambia hana neno; ana swali, lile la maji yanavyopanda mtini, na swali lenyewe si langu kulijibu. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tunyamaze sote, kaka yangu apate kulisikia jibu.