Nilimwagia Mbao Maji

Waitu, ndugu zangu, nitasema nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitaanza kutafuta visingizio. Mwenyekiti wa jumuiya kaniomba nieleze jinsi Mungu alivyoniinua. Nitaeleza. Ila nianze na mtu niliyemwangusha, kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia kuanguka.

Hapa Rubya mnanijua kwa kazi ya tailizi. Mama uliyekaa pale mlangoni, sebule yako niliitandika mimi, na hujawahi kulalamika. Lakini sakafu zenu ni za zege. Kazi ninayoisimulia ilikuwa Bukoba mjini, Miembeni, ghorofani juu ya duka la zamani la Wahindi, na sakafu yake ilikuwa ya mbao tangu enzi za baba mkwe wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee, mjane, mzaliwa wa Bukoba hiyo hiyo, anaishi na mwanawe.

Akaniuliza, "Fundi, umeshawahi kutandika tailizi juu ya mbao?"

Nikamjibu, "Mara nyingi, mama."

Ndugu zangu, nawaambia, hata mara moja. Niliona aibu kusema sijui mbele ya mtu aliyeniita fundi.

Akanipeleka karibu na dirisha. "Hapa panalia. Sikiliza." Akakanyaga, ubao ukalia na kubonyea kidogo. Nikasikia vizuri kabisa. Nikamwambia, "Tailizi zitapanyamazisha," na nikajiona nimejibu kifundi.

Sikufunua hata ubao mmoja. Nikafanya nilivyozoea kwenye zege: nikaimwagia sakafu maji ili isije ikanyonya maji ya saruji. Mafundi mliopo mnainamisha vichwa, naona. Mbao zilikunywa maji zikavimba, mimi nikazijazia mchanga na saruji juu, mzigo mzito, nikapanga tailizi zangu. Zilipendeza. Mama akanipa chai ya tangawizi na kunisifu mbele ya mwanawe.

Mbao zilipokauka zikanywea, zikaachana na saruji. Na pale dirishani, boriti iliyobeba mbao zile ilikuwa imeoza kwa mvua ya miaka mingi. Ningefunua ningeiona. Asubuhi moja mama alikwenda kufungua dirisha, tailizi ikapasuka chini ya mguu wake, ubao ukakatika, mguu ukazama. Aliangukia nyonga. Alifanyiwa upasuaji, lakini hakusimama tena hadi leo.

Mwanawe alinipigia simu akilia. Nilimsikiliza, nikakata, nikazima. Kesho yake nikapanda gari la Muleba nikarudi hapa kwa mama yangu, nikamwambia kazi mjini zimekuwa chache. Nikaanza kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mnakumbuka, wengine mlinibeba kutoka kilabuni. Mliniuliza ninaumwa nini, nikawa nawatukana. Nisameheni.

Nilikaa hivyo miezi mingi. Kisha ikakaribia sikukuu, mama yangu akaniagiza nitandike nyasi mpya sakafuni nyumbani, kama tunavyofanya wageni wakija. Nikaja na mzigo wangu, nikaanza kumwaga nyasi juu ya zile za zamani. Mama akanishika mkono.

"Toa kwanza za chini."

"Mae, hazionekani."

"Zimelowa. Unataka wageni wangu wakalie uozo kwa sababu hauonekani?"

Nikapiga magoti nikaanza kuzitoa. Chini kabisa zilikuwa nyeusi, zinanuka, zina minyoo. Nililia pale sakafuni, mwanaume mzima, na nikamweleza mama kila kitu. Hakunibembeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sikukuu ikipita unarudi Bukoba."

Nilirudi. Mwanawe yule mama alinishika shati akitaka kunitoa nje, na alikuwa na haki. Sauti ikatoka chumbani: "Mwache aingie."

Alikuwa kitandani, amekonda. Akaniuliza jambo moja tu. "Siku ile ulisikia ubao ukilia?"

"Nilisikia, mama."

"Na hujawahi kutandika juu ya mbao."

"Sijawahi."

Kisha akasema, "Basi ng'oa. Ufanye tena, nikiona."

Safari hii nilisema sijui. Nilikwenda Kitendaguro kwa seremala mmoja mzee, nikamwomba anifundishe kama mwanafunzi. Alinikalisha dukani, chini ya sakafu ile, siku nzima nikitazama boriti kabla sijagusa tailizi hata moja. Tulifunua mbao zote. Tukabadilisha boriti iliyooza, tukapigilia vipande vya mbao katikati ya boriti na boriti ili zisicheze. Mbao zilizolegea tukazikaza kwa skrubu, misumari hapana. Juu yake tukafunga plaiwudi nene, kavu, tukaacha nafasi ndogo ukutani ili mti upate pa kupumua. Na saruji ya mchanga tukaiepuka, tukatumia gundi ya tailizi inayofaa mbao. Maji hayakugusa ubao.

Kabla ya kupanga, yule mzee aliweka glasi ya maji juu ya plaiwudi pale dirishani, akaniambia nitembee kuizunguka. Mama alikuwa amesogezwa mlangoni kwenye kiti cha magurudumu. Nikatembea, nikakanyaga kwa nguvu. Maji yalitulia.

Mama akayatazama, akasema, "Sasa sakafu iko tayari. Mimi ndiye sina miguu."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika.

Namshukuru mama yangu, yuko pale nyuma anajifanya hanisikii. Namshukuru seremala ambaye hakunicheka, na yule kijana wa Miembeni aliyeachia shati langu. Nanyi mlionibeba, asanteni. Mafundi, na hata msio mafundi, mtu akikuonyesha mahali panapolia, funua. Na kama hujui, sema hujui, hata kama umeshaitwa fundi.

Mwenyekiti, naona mnataka kunipigia makofi. Msipige. Kila nikienda mjini napita kumsalimia, nami huingia kwa miguu yangu juu ya sakafu ile, yeye ananitazama kutoka kwenye kiti. Kama mtasimama kwa ajili ya mtu leo, simameni mumwombee yeye.