Mursik ya Nyaguthii

Ndani ya gari la airport, kiti cha mbele yangu, Mildred alikuwa amepakata kibuyu cha mursik, yale maziwa wanariadha hunyweshwa wakirudi na ushindi. Mzee Thuo, aliyeketi kando yake mikono mitupu, akamuuliza anampelekea nani.

"Nyaguthii. Ameshinda triathlon tatu huko nje."

Mzee akamgeukia. "Nyaguthii ni msichana wangu. Lakini huyo si wa mursik. Marathon alimaliza na masaa tatu na nusu. Kwetu Kapseret hata mama wa maziwa angempita. Nimeambia majirani wabaki nyumbani, tusiaibike."

Hapa Eldoret mtu husamehewa dhambi nyingi, lakini si masaa tatu na nusu.

"Mzee, hiyo marathon ilikuwa sehemu ya mwisho ya triathlon. Kwanza aliogelea baharini, karibu kilomita nne. Akatoka, akapanda baiskeli, akaendesha kama mtu ametoka hapa akapita Nakuru. Ndio akaanza kukimbia."

"Siku tofauti."

"Siku moja."

"Alikuwa anafukuzwa na nani?"

"Na wenzake. Aliwaacha wote."

"Na kuogelea alijulia wapi? Mimi nilimkataza hata kukaribia dam."

"Alisema kwa redio ni hapo hapo kwa dam yenu."

Gari likasimama airport. Mzee akashika kibuyu. "Leta, mama. Mzazi ndiye humpa mtoto."

"Mzazi alisema watu wabaki nyumbani," akasema Mildred, naye hakuachilia.