Nambari Moja, Vijiji Mia Tatu: Kumuaga Mma Kelebonye Ramontsho

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Mma Kelebonye Ramontsho atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Ameitumikia Idara ya Visima ya Wilaya ya Sekgwaneng miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Mkuu wa ofisi ameniomba niandike wasifu wake, nami nimekubali kwa hofu kidogo, maana shule yangu haikufika mbali na yeye husahihisha hata nukta za watu. Mungu anisaidie.

Alianza Februari 1993 akiwa mpiga chapa. Siku hizo maelekezo ya kila kisima yalichapwa kwa mashine, kijiji kimoja kimoja, na likibadilika neno moja ilibidi ayachape yote upya. Waliokuwepo wanasema alikuwa akila magwinya, maandazi yetu ya kukaanga, kwa mkono wa kushoto ili wa kulia usipoteze kazi.

Mwaka 2011 idara ilifungua tovuti yake ya aina iitwayo “wiki” (si wiki ya siku saba), ambamo kila mfanyakazi anaweza kuandika ukurasa na kusahihisha wa mwenzake. Wengi wetu tuliiona kama ubao mwingine wa matangazo. Mma Kelebonye alikaa nayo nusu mwezi, kisha akatengeneza kiolezo chake cha kwanza. Aliandika maelekezo ya kutibu maji mara moja tu, mahali pamoja. Kila ukurasa wa kijiji ukawekewa mstari mmoja mfupi unaokiita kiolezo hicho. Asubuhi moja, baada ya sala, alisahihisha neno moja mbele yetu, akafungua kurasa za vijiji vitatu vilivyo mbalimbali, na neno lilikuwa limeshabadilika kote.

“Huu ni uchawi, Mma,” mhasibu alisema.

“Uchawi haupokelewi ofisi hii, Rra. Huu ni uvivu uliofikiriwa vizuri.” Kwetu Rra ni bwana, kama Mma alivyo mama.

Sasa nikiri jambo ambalo wafanyakazi wapya hawalijui. Mwaka ule wa ukame mkubwa mimi ndiye niliyesimamia kurasa za vijiji kumi na kimoja vya magharibi. Nilitoka katika watu wa ng’ombe, na kiolezo nilikielewa kama chuma cha chapa: unamchoma ng’ombe mara moja, alama inabaki, anakwenda nayo malishoni bila kukuhitaji tena. Kwa hiyo sikuweka ule mstari wa kuita. Nilinakili maandishi yote ya kiolezo na kuyabandika kwenye kurasa zangu, na kwa macho zilifanana kabisa na nyingine. Nilijiona mjanja.

Kisha ikaletwa klorini ya unga yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani. Vijiko vinne kwa tangi vilipaswa kuwa viwili. Ijumaa saa nne asubuhi Mma Kelebonye alifuta nne, akaandika mbili, akahifadhi. Vijiji mia tatu na kumi na viwili, nambari moja. Sisi tukaenda kunywa chai. Yeye alibaki, akafungua orodha ya kurasa zinazokitumia kiolezo, akazihesabu kwa kidole kwenye kioo. Zilikuwa mia tatu na moja.

Alinikuta nimerudi mezani kwangu, kikombe changu bado kikitoa moshi. “Ofentse, watoto wako kumi na mmoja wako wapi?”

Nilimweleza habari ya chuma cha chapa. Hakucheka. Alisema, “Mimi nilikuwekea bomba, wewe ukalikata ukachota maji kwa ndoo. Ya ndoo ni ya jana, Rra.” Kisha akachukua simu. Wahudumu wa pampu kumi walipokea, akawaambia mmoja mmoja: vijiko viwili, rudia nisikie. Kijiji cha kumi na moja, Mosetlheng, hawakupatikana, mnara wao wa simu ulikuwa umelala tangu asubuhi, na unga mpya ulikuwa umefika kule siku iliyotangulia.

Tuliondoka kwa gari la idara, kilomita tisini za mchanga, mimi nikiendesha na kuomba kimoyomoyo. Mwaka ule bwawa la ng’ombe la Mosetlheng lilikuwa tope la kijani. Nilijua kwamba maji ya bomba yakiwachoma watu koo watakwenda kunywa kule, na watoto wataanza kuhara, na kliniki iko mbali.

Tulipofika, mhudumu wa pampu, Rra Mothibedi, alikuwa ameshatia vijiko vinne saa moja kabla. Mstari wa ndoo ulikuwa umeanza kwenye bomba. Mma Kelebonye alishuka kabla gari halijasimama vizuri, akafunga bomba kwa mkono wake.

“Mma, unatufungia maji kwa jua hili?” mama mmoja aling’aka. “Ofisini kwenu mnakunywa nini?”

“Leo nakunywa na nyinyi, mama yangu. Nisubirini.”

Kumwaga tangi zima mwaka ule ingekuwa dhambi. Alipiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja. Tangi la pili lilikuwa tupu, basi nusu ya maji makali yakahamishiwa humo, na pampu ikajaza yote mawili kwa maji mapya yasiyotiwa kitu. Ilichukua saa tano. Alisimama na wale akina mama muda wote, na walipomuuliza kosa ni la nani alijibu, “La ofisi.” Mimi nilikuwa nyuma yake, nikichunguza viatu vyangu. Maji yalipokuwa tayari alikunywa kikombe cha kwanza mbele yao, polepole, akarudisha kikombe kwa mama yule aliyeng’aka.

Jumatatu nilimwomba anifutie aibu, maana kila ukurasa wa tovuti ile hutunza historia ya mabadiliko yake, na jina langu lilikuwa pale pamoja na tarehe. Alikataa. Alinikalisha nirekebishe kurasa zote kumi na moja, na katika kila mmoja niandike kwa mkono wangu kosa lilikuwa nini. Alisema historia imewekwa ili anayekuja ajue tulipopotea. Tangu siku ile alifunga violezo vikuu visibadilishwe na kila mtu, akapitisha kanuni ambayo sote tunaifuata: badilisha, hifadhi, kisha hesabu.

Wiki iliyopita aliniita. Kulikuwa na badiliko moja lililobaki. Chini ya kila ukurasa, vijiji mia tatu arobaini na saba sasa, kiolezo huandika: “Ukiwa na shida, mpigie Mma Kelebonye.” Alikuwa amenipa ruhusa ya kufungua violezo, mimi, wa chuma cha chapa. Nilifuta jina lake, nikaandika la ofisi na nambari mpya, na kidole kikagoma.

“Bonyeza, Rra. Watu wanahitaji mtu aliyepo, si mtu wanayempenda.”

Nilibonyeza. Jina lake likaondoka Sekgwaneng nzima kwa kufumba na kufumbua. Akakunja mikono, akaningoja. Nilihesabu kwa kidole kwenye kioo, kama yeye, mpaka mia tatu arobaini na saba. Hakuna hata ukurasa mmoja uliokosekana. Ndipo akachukua mkoba wake.

Mma Kelebonye, kurasa hazikutaji tena, lakini historia zake zinakutaja mara elfu na mia tisa, na hizo hakuna anayeweza kuzifuta. Asante kwa kusimama kwako pale Mosetlheng. Bwana akupe afya, shamba lenye mtama, wajukuu wasikivu, na mvua kwa wakati wake. Nenda salama, Mma. Tutahesabu.

Ofentse Tshipa, Kitengo cha Magharibi