Kesi ya Kisu cha Fundi Saa

Benchi liliegemea ukuta wa kibanda cha Fundi Saa, mbao mbili ndefu na mguu mmoja uliowekewa tofali, na kila asubuhi lilikaliwa na watu wale wale. Kulikuwa na Kamusi, mwalimu mstaafu ambaye tangu aache kazi hakuna aliyemsikia akisema "sijui". Kulikuwa na Dizeli, makanika mwenye kucha nyeusi, na Zege, mwashi anayengoja kazi ambayo kila siku inaanza kesho. Mzee wa Birika akipita na kahawa yake hapo huweka kituo, maana wenye maneno mengi koo huwakauka haraka. Walishazungumza kila jambo la dunia na hakuna lililowashinda. Lakini asubuhi hiyo Fundi Saa alipokunjua gazeti na kulaza kisu katikati ya benchi, wote watatu walisogea pembeni kwa mpigo mmoja.

— Ndicho hicho? — Dizeli aliuliza, kikombe kimesimama njiani.

— Ndicho.

— Nyuzi ngapi?

— Nne. Daktari kasema kilibaki kidogo sana kifike mfupani.

Kikombe cha Dizeli kilirudi chini bila kunywewa. Zege aliingiza mikono yake yote miwili makwapani.

— Kitunguu tu? — alisema Zege. — Mtu anakata kitunguu cha jioni anaishia kushonwa?

— Kitunguu tu.

Fundi Saa alikuwa hajalala vizuri siku mbili. Kisu hicho alikinunua mwenyewe, wiki iliyopita, kwenye mnada wa vyombo vya hoteli iliyofungwa. Alikikagua kwa lenzi yake ya jichoni, ile inayomwonyesha unywele kwenye gurudumu la saa, asione kasoro hata chembe. Akampelekea mkewe kama zawadi. Juzi jioni zawadi ikamkata, na yeye, badala ya kusema pole, alimwambia mbele ya binti yao kwamba hajui kushika kisu. Mwanamke amempikia miaka ishirini na miwili, halafu hajui kushika kisu. Asubuhi hii mkewe alimwekea chai mezani, akamwambia kwamba saa nne shemeji yake anakuja na gari kumchukua, anakwenda kukaa kwa dada yake. Fundi Saa alipouliza anarudi lini, alijibiwa neno moja, tutaona.

Neno hilo alikwenda nalo mpaka kibandani. Ndiyo maana alikileta kisu kijiweni. Alitaka watu wazima wakitazame, waseme ni kizima, ili maneno aliyomwambia mkewe yawe ya haki na asilazimike kuyarudisha.

— Leteni nikipime, — alisema Dizeli. Alichomoa spana mfukoni akaigonga bapa la kisu, kisha akainama kusikiliza. — Mnasikia? Kinalia mpaka mwisho. Chuma kibovu kikigongwa kinakohoa.

— Wacha gereji yako, — alisema Kamusi. — Kisu cha jikoni hupimwa kwa pua. Chuma safi hakina harufu.

Akakiinua, akakinusa kutoka mpini mpaka ncha, macho kayafumba. Mzee wa Birika aliacha kumimina ili asimshtue.

— Kinanuka nini? — aliuliza Fundi Saa.

— Kitunguu.

— Si ndicho alichokuwa anakata?

— Basi hilo nimelithibitisha. Tuendelee.

Zege alikichukua kwa vidole viwili na kukitazama kwa jicho moja, kama anavyotazama ukuta kuona kama umesimama sawa.

— Mbona hiki kiko hivi? Upande huu bapa tupu, upande huu umeteremka.

— Kiwandani wamebana matumizi, — alisema Dizeli.

— Hapana. Ndivyo vya hoteli vilivyo, — alisema Kamusi bila kupepesa. — Upande mmoja wa kazi, upande mmoja wa mapumziko.

Fundi Saa aliuona upande ule bapa tangu siku ya mnada, akauchukulia kuwa ni urembo. Alitikisa kichwa kukubali. Kwenye lenzi ulikuwa umenyooka vizuri sana.

— Mimi niwaambie kitu, — Zege aliteremsha sauti. — Hiki kimekulia hotelini. Kimezoea kelele, watu wanagombana, masufuria yanaanguka. Leo unakipeleka kwenye nyumba ya watu watatu, kimya, redio yenyewe ndogo. Kitachanganyikiwa. Kitakata chochote kilicho karibu.

— Zege, kisu kina masikio?

— Kwani mtu akichanganyikiwa anachanganyikiwa masikio?

Dizeli alisogea karibu zaidi, na Fundi Saa alijua kwa namna alivyofuta mdomo kwamba anayokuja nayo ni mazito.

— Mnajua chuma cha namna hii kinatoka wapi? Ndege zilizoanguka. Wanakusanya mabawa wanayeyusha. Sasa wewe fikiria. Kitu kimezoea kuwa juu, unakigandamiza juu ya kibao. Lazima kiserereke. Kinatafuta kuruka.

Mzee wa Birika aliiondoa birika yake benchini akaiweka chini, mbali kidogo. Fundi Saa mwenyewe alijisogeza nyuma, ingawa maisha yake yote alikuwa mtu wa vitu vinavyoonekana. Kuna watu wamekula ndani ya nyumba yake vitu vilivyokatwa na kile kisu. Binti yake amekula.

— Swali langu mimi ni moja, — alisema Kamusi. — Kabla ya hiki mlitumia kipi?

— Cha zamani. Mama watoto alikuja nacho kutoka kwao. Butu, mpini umefungwa waya.

— Kiko wapi sasa?

— Droo ya jikoni.

— Na hiki ulikiweka wapi?

— Droo hiyo hiyo.

Kamusi aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayepokea habari za msiba.

— Umevilaza droo moja.

— Ndiyo.

— Cha miaka ishirini, na kigeni kinachong'aa, chumba kimoja, na hukukiandaa kile cha kwanza hata kwa neno.

— Haki ya nani, — alisema Zege, na alikuwa ameachama.

Fundi Saa aliona jambo linampita pembeni, akalirudisha alikotaka.

— Lakini kisu chenyewe. Kama kisu. Kina kosa?

Walitazamana. Dizeli alikigonga tena kwa spana. Kamusi alisafisha koo.

— Kisu hakina hatia. Chuma ni kizuri, makali mazuri. Mkeo, shemeji yetu, alikosa uangalifu tu, na ukimwambia ukweli hujamtukana.

Fundi Saa alivuta pumzi iliyomkaa kifuani tangu juzi. Alitupia jicho saa zilizoning'inia kibandani, zote zikisema saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Aliamua ataliacha gari lije. Mkewe akienda kwa dada yake akatulia, atarudi mwenyewe.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

Aliyewaamkia alikuwa mpishi wa bweni la chuo, mwanamke wa makamo mwenye mikono mifupi imara, amefuata saa ya ukutani ya jikoni kwake. Fundi Saa aliinuka kumletea. Aliporudi alimkuta ameshakiokota kisu, amekilaza kiganjani na kukigeuza mara moja.

— Kizuri hiki, Fundi. Cha nani?

— Cha nyumbani kwangu. Kimemkata mama watoto, nyuzi nne.

— Pole yake jamani. Anatumia kushoto?

Benchi zima lilimtazama.

— Kushoto kivipi? — aliuliza Dizeli.

— Mkono. Hiki kimenolewa upande mmoja tu, ni cha mtu wa kulia. Wa kushoto akikishika kinakwenda upogo, yeye anakata hapa, chenyewe kinaelekea kule. Kwetu jikoni tunaye mmoja wa kushoto, visu hivi hatumpi. Ndiyo nauliza, mama anakatia mkono gani?

— Wa kulia, — alisema Fundi Saa. — Kama watu wote.

— Basi kidonda kiko mkono wa kushoto, ule unaoshika kitunguu.

Alifungua mdomo kusema ndiyo, na ndiyo haikutoka.

— Bandeji iko mkono gani, Fundi?

Bandeji aliikumbuka. Nyeupe, nene, imepanda mpaka kwenye kifundo cha mkono, na doa la dawa ya kahawia. Aliikumbuka ikipita juu ya kikombe cha chai asubuhi ile ile. Mkono wenyewe haukuja. Aliutafuta mezani, kitandani, kwenye miaka yote, akaona sahani zikiwekwa na sahani zikiondolewa na hakuna mkono. Aliwatazama wenzake wamsaidie, maana wamekula kwake mara nyingi.

Dizeli alikuwa ameinua mikono yake mwenyewe, anaigiza kumenya kitu hewani, kwanza huku, kisha huku.

— Mke wangu mimi... — alianza, akarudia kumenya upya.

— Na kwako, mwalimu? — aliuliza mpishi.

Kamusi alikitazama kikombe chake.

— Sijui, — alisema.

Hapo ndipo Fundi Saa alipoikumbuka saa. Mteja yeyote akimletea saa, kabla hajaifungua anaitazama mikwaruzo, anajua inavaliwa mkono gani. Saa ya mkewe aliitengeneza mara tatu. Ilivaliwa kulia. Siku ya kwanza alipomwona nayo aliicheka, akaifungua kwa vidole vyake akaihamishia kushoto, akamwambia saa inavaliwa hapa. Kesho yake ilikuwa imerudi kulia. Alimwambia tena, na tena, na miaka yote hiyo aliuita ukaidi.

Hakuaga. Aliacha kibanda wazi, kisu juu ya gazeti, akakimbia, na kijiwe ambacho hakikuwahi kumwona hata akitembea haraka kilibaki nyuma kikimtazama.

Gari lilikuwa limeshafika, mlango wa nyuma uko wazi. Mkewe alikuwa anatoka na begi, amelishika kwa mkono wa kushoto. Bandeji ilikuwa kulia.

— Kumbe unatumia kushoto, — alisema Fundi Saa, anahema.

— Tangu nizaliwe.

Alitaka kusema pole. Ilikuwa mdomoni tayari, lakini macho yake yalitua kwenye mkono uliobeba begi, akaona saa imefungwa pale. Mkewe aliyafuata macho yake.

— Kule bandeji inabana, — alisema. — Leo nimeivaa unavyotaka wewe.