Wateja Wasiomlalamikia Kinyozi Gathii

Wachungaji, wazee, ndugu na majirani, pamoja nanyi wateja mliotoka Bungoma alfajiri kumsindikiza kinyozi wenu, familia inawasalimu kwa jina la Bwana.

Marehemu Zachary Gathii Waithaka alizaliwa tarehe 9 Juni 1967 hapa Kitale, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Waithaka na Mama Nyambu, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1981, babake alipofariki, ndipo akashika wembe na kitana. Mwaka 1989 alihamia Bungoma akafungua kinyozi, chumba kidogo cha kunyolea, karibu na stesheni ya reli, na tarehe 14 Desemba 1991 akamuoa Phelista wa Bokoli, Mungu akawajalia Nyambu na Waithaka.

Mwaka 2013 alipatikana na ugonjwa wa sukari, daktari akamweleza kwamba sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu, ile ya nyuma ya jicho, ya figo na ya miguu, tena bila maumivu, kwa hiyo macho yapimwe kila mwaka. Gathii aliacha soda, dawa akameza, lakini macho alisema ni mazima, apimwe nini.

Kufikia mwaka 2019 mistari ya nywele aliyokuwa akinyoa ilikuwa inapanda na kushuka, na wateja, kwa kumheshimu mzee, walishukuru, wakalipa, kisha wakazunguka nyuma ya soko kurekebishwa kwa kinyozi mwingine. Mama Phelista aligundua kanisani, alipoketi nyuma ya mashemasi watatu walionyolewa kombo, akamwambia mumewe waziwazi, naye akanuna wiki nzima. Februari 2022 aliamka akiona nyuzi nyeusi zikielea, hospitalini wakakuta mishipa imevuja damu ndani ya macho, matibabu ya miale ya leza yakaokoa kidogo jicho la kushoto, la kulia likazimika. Siku hiyo alilia, akasema laiti mteja mmoja tu angemgombeza.

Baadaye kidole cha mguu kilikatwa, figo zikachoka, akawa anasafishwa damu, hadi tarehe 3 Machi 2025 alipotuacha, mkono wake ukiwa mkononi mwa Phelista. Inatuuma, hatutaficha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia, na vinyozi wenzake wa Bungoma waliofunga kazi leo. Ninyi wateja hakuwalaumu, alijua mlimpenda, lakini aliacha ombi lisomwe mbele yenu. Kinyozi kitafunguliwa Jumatatu, atakayenyoa ni mwanawe Waithaka, ambaye tangu Januari naye ana sukari, na kliniki ya macho amekuwa akiahidi kwenda kesho. Ombi la marehemu ni hili: akiwanyoa kombo, tafadhali, mwambieni.

Baba Nyambu, umechoka, pumzika kwa amani.